Mabibo yanaoza bure halafu tunalia mbolea ghali

Ukipita Newala au Tandahimba, huku Mtwara, kuanzia mwezi wa 10, harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ndo inakupokea kabla hujafika kijijini. Korosho inatolewa, bibo linaachwa chini ya mkorosho, machache yanaliwa, mengine ya uraka, pombe ya mabibo, yaliyobaki ni ya nzi. Na mwenye shamba huyohuyo mwezi wa 1 anahangaika na hela ya urea ya mahindi, inaniuma sana.

Mi naona huku kwetu kinachokwamisha mboji, yaani mbolea ya majani na samadi iliyooza, sio elimu. Semina tumekaa, ukumbini, majani makavu, majani mabichi, samadi, mwagia maji, rudia. Sasa jamani, huku juu kiangazi maji tunanunua kwa ndoo, nani atayanyima watoto akamwagie majani? Na samadi ipi, wengi tuna kuku na mbuzi wawili watatu.

Shangazi yangu hakwenda semina yoyote. Alichimba shimo la kufika kiunoni, akatandika majani ya mikorosho ambayo kila mwaka alikuwa anayachoma, juu yake mabibo, kinyesi cha mbuzi kidogo, majivu ya jikoni kupunguza uchachu, udongo kiasi, akarudia mpaka likajaa akafunika na makuti. Bibo ni maji matupu, kwa hiyo hakumwaga hata ndoo moja! Katikati akachomeka kijiti, siku ya 5 akakichomoa akanishikisha, cha moto kabisa, akasema "hii imekubali". Wiki ya 3 likaanza kunuka vibaya maana mabibo yalizidi, akapindua, akaongeza majani makavu, harufu ikakata. Mvua zikaja zikamalizia, mwezi wa 2 anachota kitu cheusi kinachomomonyoka mkononi anapeleka kwenye mchicha, nyingine kaifunika inasubiri mahindi ya msimu ujao.

Sisemi urea itupwe, ila kichanga chetu hakishiki kitu, mvua kubwa ikipiga mbolea yote inazama chini, mboji ndo inaishikilia, na unyevu pia.

Kwa hiyo anayetaka kutusaidia aje mwezi wa 11, shambani sio ukumbini, na koleo, halafu arudi ile wiki ya 3 ya kupindua maana hapo ndo watu wengi wanakata tamaa wakidhani imeharibika. Wasio na mikorosho waanze mwezi wa 4, majani ya palizi bado mabichi na maji ya mvua yapo. Kwetu mwaka huu tuko kaya 6, mashimo tunachimba kabla korosho hazijaanza kudondoka.