Nani Umemfunga?

Nina mkwaju wa miaka 9 ambao ukijinyoosha sana unanifika gotini. Hauumwi, ndivyo ninavyoutaka. Niliupanda kwa kokwa ya ukwaju niliyoinyonya mwenyewe, nikautia kwenye chungu kifupi, kila baada ya muda naupunguza mizizi, matawi nayaviringishia waya yapinde ninapotaka mimi. Wajapani wanaita bonsai. Mama watoto anauita "mke mdogo".

Masika haya sebule yetu hapa Tabata ikavamiwa na usubi. Si mbu, si wale nzi wa ndizi mbivu. Hawa weusi, wembamba, wanaruka kama wametoka kilabuni, na wana mapenzi ya ajabu na pua ya mtu na kikombe cha chai. Ukifungua mdomo kumwambia mgeni "karibu", ushafuturu.

Kumbe mwenyeji wao nilikuwa mimi. Mvua inanyesha, hewa yenyewe ungeweza kuikamua kama nguo, na mimi bado namwagilia asubuhi na jioni, halafu juu ya udongo nabwaga majani ya chai yaliyokwisha kazi, eti mbolea. Usubi wa aina hii hutaga kwenye udongo mbichi. Funza wake hukaa pale juu juu, inchi moja au mbili, wakila ukungu na vilivyooza. Wakizidi wanahamia kwenye vijizizi. Jike mmoja mayai mia ni kitu kidogo kwake. Nilikuwa nimefungua hoteli, chai bure.

Nikaanza na dawa ya mbu ya kupuliza. Wa angani walianguka, wa udongoni hawakupata hata habari, na waliokohoa ni sisi. Ndipo nikajifunza kwamba usubi hawajiwezi mbele ya rangi ya njano. Nikakata dumu la njano la mafuta ya kula vipande vinne, nikavipaka gundi ya panya, nikavining'iniza juu ya mti kwa uzi mweusi, maana ndio uliokuwemo ndani. Kisha nikapanga vipande vya kiazi kibichi juu ya udongo: funza hupanda kula, asubuhi unakitupa kiazi na walaji wake.

Niko katika kupanga, mlango ukafunguliwa. Shangazi, kutoka Handeni, bila taarifa.

"Shikamoo shangazi!"

Kimya. Mkoba bado begani. Na ukiangalia kwa macho yake, hakuwa na makosa: magharibi inaingia, mti mzee una kimo cha mtoto, umefungwa nyaya kila tawi, juu kuna vitu vya njano vinacheza kwenye uzi mweusi, chini viazi vibichi vimepangwa duara, na mwana wa kaka yake kapiga magoti mbele yake ana kisu.

"Nani umemfunga?"

"Shangazi, ni usubi tu..."

"Usubi ndiye nani? Bosi wako?"

Kabla sijajibu, akashika kifua. "Binti yangu ana miaka 35 hajaolewa. Tumezunguka naye mpaka kwa watu wa Pemba. Kumbe yuko hapa, kwenye chungu!"

Akauendea mti akisoma Ayatul Kursi kwa sauti, akainama afungue waya. Ushungi ukanasa kwenye dumu. Akavuta, la pili likamkamata kanga. "Kimenishika! Jamani, kimenishika!" Nikaruka kumnasua, mkono wangu ukaganda kwenye ushungi, tukawa watatu: mimi, shangazi na dumu. Majirani walipofika tunazunguka kama watu wa ngoma.

Gundi ya panya haina adabu kwa maji wala sabuni. Mama watoto alileta mafuta ya alizeti, nusu lita nzima, tukamkanda shangazi mpaka akaachia. Aliketi anang'aa kama kitumbua.

Nikamweleza yote, kuanzia majani ya chai. Akachovya kidole kwenye udongo, akanitazama kwa huruma.

"Mkwaju unaunywesha mara mbili kwa siku? Kwetu kiangazi chote hakuna hata wa kuusalimia."

Akapiga marufuku maji hadi udongo ukauke juu, akaagiza mchanga mkavu utandazwe, akakaa mwezi mzima kusimamia. Usubi wakapungua wiki hadi wiki. Ile ya nne nikanywa chai bila kutafuna.

Asubuhi aliyoondoka nikakuta waya zote zimefunguliwa, zimekunjwa vizuri juu ya meza, na tawi nililolipinda miaka 2 limenyooka kama askari.

Nilikasirika mpaka juzi, ilipokuja kadi ya mchango wa harusi ya binti yake. Laki mbili. Chini kaandika kwa mkono: "Na waya usirudishe."