Kisu Kimoja, Foleni Mbili

Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa kuruka kwa ndege Afrika Mashariki, hiyo ambayo leo tunaijua kama Amref. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji rekebishi, yaani wa kutengeneza upya ngozi na viungo vilivyoharibika. McIndoe alikuwa amewatengenezea nyuso marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, pale East Grinstead, Uingereza. Rees yeye alikuwa daktari wa New York, na jina lake lilikuja kuvuma kwa kazi ya kunyoosha mikunjo ya nyuso za watu wenye nazo. Mkono ulioondoa uzee kule ndio uliokuja kupasua na kushona huku kwetu.

Huwa namkumbuka Rees kila mjadala wa upasuaji wa kutengeneza shepu unapozuka. Mwaka 2023, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilipotangaza upasuaji wa kurekebisha maumbo, ukiwemo wa kupunguza matiti na nyama uzembe za tumboni, mitandao iliwaka. Kuna wanaoona ni aibu hospitali ya umma kuhangaika na maumbo wakati wagonjwa wengine wanakosa dawa. Kuna wanaojibu kwamba wenye uwezo wanasafiri kupeleka fedha hizo nje, na wasio na nauli wanaishia kwenye dawa za kupaka na sindano za vichochoroni, kwa hiyo ni heri wapasuliwe na daktari aliyesajiliwa.

Hoja zote mbili zina uzito, ila zote zimejengwa juu ya imani kwamba urembo uko huku na tiba iko kule. Ukisogea karibu, mpaka huo hauonekani vizuri.

Chukua mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto. Kidonda kikiachwa kipone chenyewe, kovu hujivuta. Kiwiko kinajikunja na kubaki hivyo hivyo, kidevu kinashikana na kifua, mdomo haufungi na mate yanachuruzika mchana kutwa. Daktari anaweza kulichana kovu hilo kwa umbo la herufi Z, akapata pembetatu mbili za ngozi, akazibadilishana nafasi, kisha akashona. Kovu lililokuwa limekaza kama kamba linalegea na kurefuka; pembe zikiwa za digrii 60, hesabu ya kwenye karatasi inampa nyongeza ya asilimia 75 ya urefu. Palipoungua eneo kubwa, ngozi nyembamba huchunwa pajani na kupandikizwa. Hakuna atakayeuita huo urembo.

Sasa mchukue mama mwenye matiti mazito. Kamba za sidiria zimemchimba mifereji mabegani, mgongo haumpi usingizi, na joto likipanda ngozi ya chini ya matiti inachubuka na kutoa maji. Akiomba apunguzwe, anaambiwa anatafuta shepu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na yule aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, akitaka atengenezewe jingine, tumweke foleni ipi? Hata mtoto mwenye mdomo sungura, ambaye upasuaji unamsaidia kula na kutamka, mzazi wake anataka pia mwanawe atazamwe bila watu kugeuza shingo. Haki hiyo ya kutazamwa kama wengine ni sehemu ya tiba.

Kwa Waislamu hoja hii ina mizizi mirefu. Ipo hadithi inayowakemea wanaobadilisha umbile la Mwenyezi Mungu kwa kutafuta uzuri. Ipo pia ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alijiwekea pua ya fedha, ikanuka, na Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Wanazuoni wengi huitumia kutenganisha kurekebisha kasoro na kutamani nyongeza. Mimi naona jambo moja zaidi ndani yake: pua ya dhahabu hainusi. Ilimrudishia Arfaja uso wake mbele ya watu.

Kwa hiyo sina ugomvi na anayetaka kupendeza. Ninachoogopa kwanza ni hatari isiyosemwa. Katika kuongeza makalio, mafuta hunyonywa tumboni au kiunoni na kudungwa nyuma. Mrija ukizama ndani ya msuli, mafuta yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu, yakapita moyoni na kuziba mapafu. Mwaka 2017 jopo la mabingwa wa fani hii lilikadiria kifo kimoja katika kila upasuaji 3,000 wa aina hiyo. Huyo anayekufa aliingia kwa miguu yake, mzima. Nairobi nako, Oktoba 2024, mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta kwenye kliniki binafsi. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna mzigo mwingine: kelodi, kovu linaloota na kuvimba kupita jeraha lenyewe, hutupata zaidi. Picha za kabla na baada haziyaonyeshi haya.

La pili ni saa za chumba cha upasuaji. Mabingwa wa fani hii ni wachache kwetu, na saa tatu za kunyonya mafuta ni saa tatu ambazo mtoto mwenye kiwiko kilichoshikana hakuzipata. Wanaotetea wanasema fedha ya mwenye shepu itamlipia aliyeungua. Nitaikubali hoja hiyo siku mahesabu yakiwekwa wazi: huduma za urembo ziliingiza kiasi gani, kiasi gani kilikwenda wodi ya majeraha ya moto, na watoto wangapi walisogea mbele kwenye foleni mwaka huo. Tangazo la bei likibandikwa ukutani, takwimu hizo tatu zibandikwe pembeni yake.