Acheni kukiita kinanda bubu

Jumamosi iliyopita niko zangu Kirumba nasubiri sato aive, simu ikaita. Mwalimu wa kwaya yetu. Hata salamu hakumaliza.

"Ng'wanawane, nimetapeliwa. Kinanda hakitoi sauti."

Nikamuuliza mwalimu, taa zinawaka? Zinawaka. Umekichomeka wapi? "Kwenye chaja ya simu." Na waya wa kwenda kwenye mikisa? Kimya kidogo, halafu akasema kwa unyonge, "Ndo hapo sasa, tundu lake silioni."

Nikajua. Ni midi kontrola, batani za kuamuru sauti zilizo kwenye kompyuta. Vijana wa duka moja pale mjini (nalijua, silitaji) wamempigia debe eti ni kinanda cha kisasa cha USB, chepesi, kinaingia kwenye begi, na mzee wa watu akatoa hela ya kwaya iliyochangwa tangu Pasaka. Hakuna aliyemwambia kwamba kile kitu peke yake hakilii. Ni rimoti. Umemuuzia mtu rimoti ukanyamaza kuhusu TV, halafu unamwambia karibu tena!

Ila walioniudhi zaidi sio wale wa duka. Nimefungua grupu la kwaya usiku huo nakuta watu washatoa hukumu. Kinanda bubu. Mdoli. Tulisema tununue Yamaha. Kirudishwe kesho asubuhi. Na anayeongoza kelele ni kijana wa besi, ambaye toka nimfahamu akigusa kinanda anapiga kwa F tu, wimbo ukiwa juu anatafuta batani ya transipozi impandishie, leo ndo fundi wa kutuambia kifaa gani kizima na kipi kibovu.

Nikiri kitu hapa. Yangu niliinunua Igoma kwa jamaa aliyesema imekufa, batani 49, ina vumbi la miezi, kila akiichomeka haitoi kitu. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika, nikampa hela kidogo, nikapanda daladala nacheka peke yangu. Huu mwaka wa tano haijawahi kuwa mbovu hata siku moja. Kwa hiyo nikilalamika kuhusu kutowaambia watu ukweli, najua na mimi nina deni.

Sasa nisikilizeni. Ukibonyeza batani pale, hakuna sauti inayotoka kwa sababu kinachotoka ni taarifa. Inasema: imebonyezwa namba 60 (ile C ya katikati), kwa nguvu 90. Ukiachia inasema imeachiwa. Basi. Nguvu inahesabiwa kuanzia 0 mpaka 127, na laptopu ndiyo inaamua hiyo 60 ilie piano, ilie filimbi au ilie mbuzi. Lugha hiyo ndiyo MIDI, ilionyeshwa hadharani Januari 1983 kule Marekani, wakaunganisha vinanda viwili, Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland, kampuni mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Japani, na vikaelewana. Kifaa cha miaka ile ukikipata leo na waya wake bado kinaongea na laptopu yako. Simu yako ya miaka minne tu iliyopita huenda inagoma kupokea apdeti.

Na ububu wake ndo mtaji. Kinanda cha kawaida kinakuja na sauti zake ndani, mia ngapi sijui, alizochagua mtu wa mbali huko ambaye hajawahi kukanyaga Kisesa. Ndo maana kwaya kumi ukizisikiliza zina tarumbeta moja, ile ile ya plastiki, na ngoma zile zile za "afrika" ambazo hakuna Mwafrika ninayemjua anayezipiga hivyo. Mimi mwaka juzi nilienda kwa mjomba, nikamuomba anipigie ngoma za bugobogobo, zile zinazochezwa na majembe, nikarekodi kwa simu nimeishika karibu na ngozi, mjomba ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Nikarudi nazo Kirumba nikazikatakata, pigo moja moja, nikaziweka kwenye programu, nikabonyeza. Jamani. Lile pigo zito likatoka kwenye sabufa glasi ikatembea mezani. Ukipanda batani za juu lile lile linalia kama kopo la maziwa, ukishuka linakuwa mngurumo wa radi ya ziwani, na ukigusa taratibu linagusa taratibu, ukitwanga linatwanga. Nimelipiga mpaka mama mwenye nyumba akagonga dirisha. Nioneshe kinanda cha dukani chenye ngoma ya mjomba wangu humo ndani. Hakipo, wala hakitakuja kutengenezwa.

Haya, kuna usumbufu, sikatai. Mwalimu alikuja na kidude chake usiku ule ule tukakaa. Kompyuta ikakitambua yenyewe bila draiva ya kutafuta intaneti, nikafungua FL Studio (programu ya kutengeneza muziki), F10, sehemu ya MIDI, nikakichagua jina lake, nikawasha "Enable". Kikalia. Mwalimu akapiga makofi. Akabonyeza tena, akakunja uso: "Mbona kinachelewa?" Hapo ndo wengi wanakata tamaa wanauza. Unabonyeza sasa sauti inakuja baadaye kama mtu wa kwaya asiyefanya mazoezi. Kosa sio la kontrola, ni laptopu kuhifadhi sauti kwanza ndo iitoe. Ukikuta bafa, yaani hiyo akiba, imewekwa sampuli 2048 (vipande vidogo vya sauti), hiyo kwenye sampuli 44100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 46, lazima uisikie. Weka ASIO (draiva ya sauti ya haraka), shusha mpaka 256, unabaki na kama 6, sikio halishtuki. Ukishusha sana laptopu ya zamani inaanza kukwaruza, panda kidogo. Dakika tano imeisha. Na kile kipedeli cha mguu cha kuvuta sauti, ukiwasha kifaa huku umekikanyaga, vingi vinageuza, ukikanyaga inakata ukiachia inavuta, zima uwashe upya mguu ukiwa pembeni. Mambo ya batani 25 au 61 msiniulize, nafasi ya meza yako ndo itakujibu.

Na nikubali kwa shingo upande: kwa kwaya isiyo na laptopu yake, iliyotaka kuchomeka na kuimba, lile grupu halikukosea kabisa. Walihitaji kinanda cha kawaida. Haya nimesema.

Jumapili nikaenda na laptopu yangu, sauti safi, piano ile mpaka wazee wa mbele wakageuka kutafuta piano iko wapi. Wimbo wa tatu umeme ukakata. Spika zote zikafa, ila laptopu ina betri na kontrola inakula humo humo, mimi nina hedifoni masikioni, kwa hiyo kwa dakika kama mbili kanisa zima linaimba kavu na mimi nasikia bendi kamili peke yangu, nafurahi, sijui kilichotokea, mpaka kijana wa besi akaja kunivua hedifoni. Amecheka. Grupuni amenyamaza tangu siku hiyo.

Jana jioni mwalimu kapiga tena. Sasa hivi anakipenda, kafunga na kitambaa cha kitenge kisipate vumbi, na mwanae kamuwekea programu kwenye kompyuta ya nyumbani. Ila kuna kitu kimemsumbua siku mbili nzima, kabonyeza kila mahali.

"Ng'wanawane, hivi humu sebene liko batani gani?"

Nimemwambia asibonyeze kitu, Jumamosi nakuja.