Laifugadi Aliyeniokoa Kwenye Maji ya Kifuani

Wacha niseme mapema, mimi sikua nazama. Hilo mlishike kabla sijaendelea, ju kuna kitabu kikubwa cheusi kwenye hoteli moja upande wa Thika Road na ndani yake kumeandikwa ati niliokolewa, na sahihi iliyo hapo chini ni yangu.

Hii mambo ilianza Disemba kule Diani kwa kina shangazi. Binamu zangu wa huko huogelea kutoka ufuoni hadi mwambani maji yakijaa halafu wanarudi, wanafika wanaulizia chai kama watu waliotoka dukani. Nami mdomo ukaniwasha. Nikawaambia Nairobi naogelea urefu 40 wa bwawa la mita 25 bila kupumzika, hio ni kilomita nzima, tena Nairobi iko juu karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, ni kama wale wakimbiaji wanaofanya mazoezi kule milimani Iten halafu wakishuka chini wanapaa. Nikishuka baharini nitakua samaki. Binamu mmoja, yule mkubwa, akaniangalia hivi akasema, "Sawa bwana. Lakini bahari haina ukuta wa kushika." Wakacheka wote, hata shangazi. Tukawekeana ahadi ya Disemba inayofuata.

Kurudi mjini ndio nikakaa chini nikafikiria ile maneno ya ukuta. Kumbe ni kweli, kila mita 25 nagusa ukuta, najisukuma na miguu, hapo nimeiba mapumziko bila kujua. Halafu kuna ule mstari mweusi chini ya bwawa unaokupeleka moja kwa moja kama reli. Baharini mstari uko wapi? Nikamtafuta yule yule binamu WhatsApp nikamwambia sawa nimekubali, nifunze. Akawa ananitumia sauti kila jioni, dakika tano tano, nyuma unaskia kuku na watoto.

Somo la kwanza alisema nifunge macho niogelee mikono kumi, nifungue, nione nimefika wapi. Nikajaribu. Mkono wa sita nikaugonga ukuta wa kulia na vidole. Nikarudia, ukuta wa kulia tena. Binamu akasema hio ni kawaida, kila mtu ana upande anaopotelea, mara nyingi ni ule mkono mmoja unavuta kuliko mwingine, na baharini bila kuinua macho utajikuta unaelekea Tanzania. Pia nijifunze kupumua pande zote mbili, ju wimbi likija upande ule unaopumulia utakunywa chumvi mpaka ushibe.

Somo la pili ndilo lililoniletea haya yote. Kuangalia mbele. Akasema, "Binamu, chagua kitu kirefu kisichosogea, mnara ama mnazi. Kila baada ya mikono sita mpaka kumi unainua macho kama mamba, unaona, unarudisha uso, unapumulia pembeni." Sasa angalia hapo. Alisema macho. Pumzi inakuja baadaye, pembeni. Mimi nilisikia mamba tu, na mamba mimi nimemwona kwa runinga akiwa amepanua mdomo. Kwa hivyo nikawa nainua kichwa kizima, shingo nje, mdomo wazi, navuta hewa mbele, na ukiinua kichwa hivo miguu inashuka chini kama nanga, unabaki umesimama wima ndani ya maji unapapasa. Yule Mwingereza Kapteni Matthew Webb aliyeogelea kutoka Dover, Uingereza, hadi Calais, Ufaransa, mwaka 1875, karibu masaa 22 ndani ya maji baridi, yeye alitumia mtindo wa chura, na wa chura anaona mbele kila akivuta pumzi. Sisi wa fristaili, wa kurusha mikono kwa zamu uso ukiwa majini, ndio tuna hii shida. Siko hapa kujitetea lakini ijulikane.

Halafu kuna boya. Watu wa maji wazi hujifunga boya la rangi kali kiunoni, linaelea nyuma yao ili wenye maboti wawaone. Nikaangalia bei mtandaoni nikafunga hio ukurasa polepole. Nyumbani kulikua na mtungi wa mafuta ya kupikia, lita 5, manjano, nikauosha na sabuni, nikaufunga na kamba ya manila, upande wa pili nikajifunga kiunoni. Binamu alikua amesema mkanda wa boya uwe ni wa kufunguka haraka kwa mkono mmoja. Mimi nikapiga mafundo matatu ndio usinitoroke.

Sasa fikiria Jumamosi ya Julai, saa mbili asubuhi, ile baridi ya Nairobi ya mawingu na manyunyu, bwawa halina hita. Watu tulikua kikundi cha kina mama wa erobiksi ya kwenye maji kule mwisho, mimi na mtungi wangu, na laifugadi. Laifugadi amekalia kile kiti chake kirefu amevaa jaketi nyekundu nene, mavin imeshuka mpaka kwa nyusi, mikono mfukoni. Hasogei. Nikaangalia kote natafuta mnara wangu, tangi la maji la ghorofa ya jirani limefichwa na mti, bendera ya hoteli inapepea, nikasema eh, kitu kirefu, chekundu, kisichosogea kabisa, si ndio hicho.

Nikamchagua laifugadi.

Nilikuja kufikiria baadaye yeye alikua anaona nini kutoka kule juu. Anaona jamaa mmoja, kila sekunde chache, anatoa kichwa majini amepanua mdomo anamkazia macho YEYE, hasemi kitu, anashuka. Anatoa kichwa tena, anamtazama yeye tena, anashuka. Na nyuma yake kuna mtungi wa mafuta unamfuata.

Mara ya nne nikiinua macho mnara wangu umesimama. Nikashangaa kidogo lakini nikaendelea. Mara ya tano mnara haupo. Nikasema labda nimeanza kupotelea kulia tena, wacha nifunge macho nihesabu mikono kumi nijue. Nimefika wa tatu hivi nikaskia kitu kizito kama gunia la viazi kimenikumbatia kifua kutoka nyuma.

Weh. Nilirusha mateke ambayo sijawahi kurusha maishani. Jamaa ananiambia "Tulia! Tulia bro nimekushika!" na mimi najua tu nimeshikwa, na mtu akishikwa Nairobi hatulii. Kamba ikamzunguka shingo, ikanizunguka mguu, ile jaketi yake imenyonya maji imekua godoro, anaanza kushuka, anavyoshuka ananivuta, mtungi nao ukizamishwa unaruka juu kwa nguvu, ukamgonga kwa mavin, kong! Nikameza maji, akameza maji, sasa hapo nakubali, hapo tulikua tunazama. Wawili.

Ndio nikaskia sauti ya mama mmoja wa erobiksi, mtulivu kabisa, "Vijana, si msimame?"

Tukasimama. Maji yalikua ya kifuani. Kwa ukuta hapo nyuma yetu kumeandikwa mita 1.2.

Ungedhani imeisha. Laifugadi akasema lazima anitoe, ndivyo alivyofunzwa, akanivuta mpaka nje akanilaza kwa ubavu. Kila nikijaribu kusema "mazoezi" nakohoa, na kila nikikohoa anasema usiongee. Kina mama wakanifunika leso tatu, mmoja akaanza kuomba kwa sauti, mwingine akaleta chai ya tangawizi ya chupa na kuniuliza kama nyumbani kuna shida yoyote ningependa kusema. Mafundo yalikataa kufunguka, nikabaki nimelala pale na mtungi wangu kama ng'ombe na kigingi mpaka mpishi wa hoteli akaja na kisu cha nyama.

Nilimkasirikia yule laifugadi kidogo mpaka akanieleza. Alisema anayezama kweli hapigi kelele wala hapungi mkono, hana hewa ya hio kazi, anasimama wima kichwa kimeenda nyuma, mdomo unatoka na kuingia, kimya. "Vile ulikua unafanya bosi, ndio kuzama kwenyewe." Nikakosa la kusema. Halafu akatia mkono mfukoni mwa jaketi akatoa simu, maji yanatiririka kutoka pale pa kuchajia, tukaiangalia wote wawili.

Meneja akaleta kile kitabu. Nikaomba iandikwe "mteja alikua mazoezini", akasema hakuna nafasi ya hio, kuna "ameokolewa" na kuna "hajaokolewa", chagua. Nikatia sahihi. Simu ililala kwa mchele siku tatu na haikuamka, sasa namlipa pole pole kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi, na binamu nilipomtumia hii hadithi alijibu kwa sauti ya dakika mbili ambayo yote ni kicheko na kuku.

Nimerudi mara tatu tangu hio siku. Mitungi imepigwa marufuku, imeandikwa kwa rangi nyekundu getini, na askari hunipekua begi. Macho ya mamba nimeyaweza, natoa macho peke yake, pumzi naipata pembeni. Shida ni mnara. Jamaa hakai tena kwa kiti, nikianza kuogelea anaanza kutembea ukingoni sambamba na mimi, bila jaketi, ameshika ule mti mrefu wa kuvulia majani.