Damu ya Shangazi Imehifadhiwa Wapi?

Shangazi yangu hajui kusoma, lakini siku ile kliniki aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu. Alikuwa ameshatia dole gumba kwenye fomu, wino wa zambarau haujakauka, na kichupa chake cha damu kimeshabandikwa namba. "Mwanangu," alimwambia muuguzi, "mkishapima, ile itakayobaki mnaipeleka wapi?" Muuguzi akatabasamu, akaita anayefuata.

Mimi ndiye niliyemsomea ile fomu. Ukurasa wa nne ulisema sampuli itahifadhiwa kwa ajili ya tafiti zijazo. Zijazo lini, na za nani, haukusema. Nikapitiliza, maana foleni ilikuwa ndefu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wazee wa pwani bado wanaikumbuka hofu ya mumiani, watu waliosemwa kunyonya damu usiku. Wataalamu wakiisikia husema ni ujinga. Mimi sioni ujinga pale. Naona watu waliochukuliwa vitu bila kuelezwa, wakatafuta maelezo yao wenyewe.

Tazama Kongo. Mwaka 1976 daktari Jean-Jacques Muyembe alichukua damu ya wagonjwa kule Yambuku, ugonjwa haujapewa jina la Ebola. Sampuli zikaishia Antwerp, Ubelgiji, na Atlanta, Marekani, na kwa miaka mingi sifa ya ugunduzi ikabaki huko huko. Mwaka 1995 Ebola ikapiga Kikwit. Miaka 11 baadaye, damu ya manusura wa Kikwit ikatoa kingamwili, yaani protini ya mwili inayopambana na ugonjwa, iliyozaa dawa ya Ebola iitwayo Ebanga. Dawa hiyo ikajaribiwa kwa wagonjwa wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi nawe, ikaokoa maisha, ikaidhinishwa Marekani Desemba 2020. Leseni ya kuitengeneza ilipewa kampuni ya Miami, Marekani.

Nafurahi dawa ipo, nafurahi kwa moyo wote. Lakini mwaka 2019 Muyembe aliposema sampuli za mlipuko wa Beni na Butembo zibaki Kongo, na anayetaka kuzichunguza aje Kongo, nilimwelewa kabisa.

Sheria zipo kiasi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya taarifa binafsi ya 2022. Ila zote mbili zimeandikwa kwa ajili ya taarifa. Damu iliyomo kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ni jambo jingine. Mbegu ya mbuyu ikivuka mpaka kwa utafiti, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2010, inadai mgawanyo wa faida. Itifaki hiyo hiyo haigusi damu ya binadamu. Mbuyu una mtetezi, shangazi hana!

Wapo wanaosema sampuli ziko salama zaidi Ulaya kwa sababu umeme wetu unakatika. Jenereta inanunuliwa. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, wana benki ya sampuli inayotunza za nchi nyingine pia.

Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria ni kwamba dole gumba la leo lisihesabiwe kuwa ruhusa ya milele. Utafiti mpya ukija, wananchi wa eneo lililotoa damu wawe na kamati yenye uwezo wa kukataa, na majibu yarudi kijijini kwa lugha ya kijijini.

Shangazi bado anatunza nakala ya fomu, ameikunja ndani ya sanduku la khanga zake. Namba ya simu iliyoandikwa chini yake nimeipiga mara tatu mwezi huu. Haipatikani.