Poirot, Hastings na kejeli inayouma

Katika Agatha Christie's Poirot, tamthilia ya upelelezi iliyorushwa na ITV ya Uingereza tangu 1989 hadi 2013, kila mtu ana wa kumcheka. Waingereza wa miaka ya 1930 wanamcheka mpelelezi Hercule Poirot kwa masharubu yake, viatu vyake vinavyong'aa na lafudhi yake. Wanamwita Mfaransa, naye hachoki kuwaambia kuwa ni Mbelgiji. Wapo watazamaji wanaoona hapo ubaguzi umefanywa burudani.

Kwa hilo siwaungi mkono. Anayemdharau mgeni huyu hujisahau, akaropoka, na mwishowe ulimi humponza. Dharau yao ni chambo cha Poirot, naye analijua hilo. Tazama David Suchet, anayemwigiza Poirot, anavyoinamisha kichwa na kushukuru, huku macho yanapima kila kitu.

Kinachonikera mimi ni anavyofanyiwa Kapteni Hastings, rafiki na msaidizi wa Poirot. Katika The ABC Murders (1992) anarudi kutoka Amerika Kusini akiwa na mamba aliyekaushwa, zawadi aliyomletea Poirot. Mamba mwenyewe ananuka, na karibu kila mara Hastings akianza kusimulia alivyomwinda, anakatizwa. Mara ya kwanza nilicheka, na ya pili pia. Baada ya hapo nikaanza kumwonea huruma mtu ambaye kazi yake ni kuwa mzito wa akili ili mwenzake aonekane mwerevu.

Wanaoitetea tamthilia wana hoja: Poirot anampenda Hastings, na mchekeshaji asiyechoma mtu hachekeshi. Sawa, lakini mlinganishe na Inspekta Japp wa polisi. Katika Hickory Dickory Dock (1995) Japp anakaa kwa Poirot, anateswa na vyakula vya kifahari visivyomshibisha, kisha anaingia jikoni na kumpikia mwenyeji wake chakula cha Kiingereza. Sasa ni zamu ya Poirot kutafuta udhuru. Huo ni utani, maana aliyetaniwa amejibu. Hastings hapewi nafasi hiyo.

Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Hastings, Japp na Bi Lemon, katibu wa Poirot, walipoondolewa, hadi waliporudi msimu wa mwisho, tamthilia ikawa nzito na ya huzuni. Wengine waliusifu ukomavu huo. Mimi niliona Poirot amebaki na majivuno yake bila wa kuyakata makali. Aliyeweza kumtania ana kwa ana alikuwa Ariadne Oliver, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi, naye haonekani katika kila kisa.