Caro-Kann: Mweusi Anajilinda au Anajificha?

Juzi baada ya Alasiri, kwenye baraza moja ya Mji wa Kale, sataranji ilitandikwa pale panapochezwa drafti kila siku. Ngome moja nyeusi ilishapotea. Kizibo cha soda kilishika nafasi yake. Mweupe akafungua kwa e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari; kiwanja kikitajwa peke yake, aliyesogea ni askari, ile kete ndogo), kijana wa kete nyeusi akajibu c6. Mzee aliyekuwa na kikombe cha kahawa akaguna: "Mwanangu, mbona wajificha mapema?"

"Ami, sijifichi. Ngoja uone."

Ulinzi huo, c6 kisha d5, unaitwa Caro-Kann, kwa majina ya Horatio Caro na Marcus Kann walioandika uchambuzi wake mwaka 1886. Askari wa c6 anamshika mgongo mwenzake wa d5, na askofu wa c8 anaachiwa mlango. Katika ulinzi wa Kifaransa mlango huo hufungwa na e6 tangu hatua ya kwanza, na askofu huweza kuozea ndani mchezo mzima. Hapa anatoka hadi f5, halafu ndipo e6 inachezwa. Karpov, bingwa wa dunia wa zamani, aliutegemea miaka mingi, na ukitazama michezo yake ni nadra kuona askari mpweke, asiye na mwenzake pembeni, wala tundu la adui kupenyea.

Hata hivyo Ami ana hoja. Mweupe akisukuma e5 anatwaa nafasi, na farasi wa b8 keshanyimwa c6, kiwanja chake kizuri kuliko vyote. Tena Mweusi hatapumua mpaka acheze c5, yaani askari yule yule atumie hatua mbili kufika mahali alipoweza kufika kwa moja. Mimi deni hilo silioni kubwa: e5 ikishachezwa katikati pamefungwa, na kasi haina thamani ile ile.

Kinachonitia wasiwasi ni sifa yenyewe ya usalama. Mtu huzicheza hatua za ulinzi huu kwa mazoea, macho yako kwingine. Mwaka 1997, mchezo wa sita na Deep Blue, kompyuta ya IBM, bingwa wa dunia Kasparov mwenyewe, akitumia Caro-Kann hii hii, alicheza h6 kabla ya wakati wake. Kompyuta ikamtoa farasi sadaka pale e6, na bingwa akasalimu amri katika hatua ya 19.

Kijana wetu naye yakamkuta. Baada ya e5 na askofu f5, Mweupe alisukuma h4. Hapo jibu la kawaida ni h5. Yeye akacheza e6 bila kutazama, maana "ndiyo inayofuata". Ikaja g4, askofu akakimbilia e4; f3, akarudi g6; h5, na hana pa kwenda.

Wakapanga tena. c6, d5, e5, askofu f5, h4. Safari hii kijana alikaa kimya muda mrefu, kashata mkononi haijaumwa, kisha akasukuma h5. Zilipopita hatua chache akacheza c5, na Ami akasogeza kikombe kando ili auone ubao vizuri.